Kibao cha Iraki kinapigwa mnada, ukiuliza karatasi unaambiwa "mkusanyo wa zamani"!

Wakuu, hili limenikera na sinyamazi.

Niko London. Juzi nimekuta nyumba moja ya mnada imeweka kibao cha udongo chenye mwandiko wa kikabari, ule wa kale wa alama zenye umbo la kabari, kuanzia pauni 1,400. Kidogo tu, kinaenea kiganjani. Wanasema kimetoka mji wa kale uitwao Umma, kusini mwa Iraki, na kina miaka 4,000. Nikakuza picha. Mistari sita, kila alama imezama pale karani alipokandamiza utete kwenye udongo mbichi, na ukingoni kuna alama ya kidole. Ni stakabadhi ya kondoo! Mtu kapokea kondoo, akaandikiwa.

Nikawaandikia: kilitoka Iraki mwaka gani, na kibali kiko wapi? Wakajibu mstari mmoja: "Mkusanyo wa zamani wa Ulaya." Wa nani? Wa lini? Nimeuliza tena mara mbili, kimya. Kilichobadilika ni tangazo, sasa limeongezwa "zawadi nzuri kwa mpenda historia". Zawadi!

Tangu 1936 sheria ya Iraki inasema mambo ya kale ni mali ya taifa. Mwaka 2003 makumbusho ya Baghdad yaliporwa, na huko Umma kwenyewe waporaji wakachimba mpaka kilima kikajaa mashimo. Kwa hiyo ukiniambia Umma, nionyeshe karatasi, na karatasi yenyewe ichunguzwe. Kibao cha ndoto ya Gilgamesh, mfalme wa utenzi wa kale wa huko Iraki, kilizungushwa na barua ya uongo, eti kilinunuliwa mnadani mwaka 1981. Mwaka 2014 Hobby Lobby, kampuni ya maduka ya Marekani, ikakinunua kwa zaidi ya dola milioni 1.6. Serikali ya Marekani ikakitaifisha, na 2021 kikarudi Iraki.

Mimi ni mtu wa Kilifi. Kigango cha babu yetu, yaani nguzo ya mbao ya kumkumbuka marehemu, kiling'olewa usiku, asubuhi tukakuta shimo na udongo mbichi. Vigango vya Wamijikenda vimeuzwa Marekani kama mapambo ya sebuleni, kwa maneno matamu hayahaya. Ndiyo maana siwezi kupita tu.

Hicho kibao kilikaa na wenzake chumba kimoja, vikisomwa pamoja vinasema nani alifuga, nani alilishwa. Sasa kimebaki yatima kwenye kisanduku cha velveti.

Nimehifadhi picha zote na namba ya bidhaa. Mwenye kujua mtu ubalozi wa Iraki hapa London anitumie ujumbe leo. Mnada unafungwa Alhamisi.