Silinda inchi 14, propela ya kiwandani: mnategemea nini?

Wakuu wa lowrider, magari yanayopandishwa na kushushwa kwa silinda za haidroliki, nani aliwadanganya kwamba gari kusimama kwa tairi tatu, moja likiwa hewani, ni suala la silinda ndefu tu? Chevrolet Impala inafungwa silinda za inchi 14 nyuma, propela (shafti ya kutoka gia boksi hadi difu) ileile, mipira ya breki ileile, halafu mwenyewe anashangaa chini kunagonga kwa-kwa-kwa!

Ekseli ya nyuma haishuki wima. Inazunguka na mikono yake, yaani vyuma vinavyoishikilia kwenye chasi, kwa hiyo umbali kati ya gia boksi na difu unabadilika. Propela isiyorefuka na kufupika itachomoka au itasukuma gia boksi. Huko kugonga ni krosi, viungo vya kwenye ncha za propela, zimeishiwa pembe. Rekebisha urefu wa mikono ya juu, pua ya difu, pale propela inapoingia, ikae sawa. Mipira ya breki pima silinda zikiwa zimetoka zote, gari likiwa juu ya stendi. Ukipima gari likiwa limelala, umejikatia breki mwenyewe.

Halafu wale wa "upande mmoja haushuki peke yake". Utashukaje na nyuma nzima ina vali moja ya kumwagia mafuta ili gari lishuke? Kila silinda ya nyuma iwe na vali yake, na vali ya kuzuia mafuta yasirudi upande wa pili. Pampu moja inatosha: inua zote, mwaga moja.

Kinachonikera zaidi ni kuongeza betri za pampu ili gari "ipande zaidi". Volti ni kasi, si kimo! Volti 48 zinatosha, 72 waachieni wanaorusharusha magari kwa mashindano. Ukiinua nyuma kushoto na kumwaga kulia, mzigo unabebwa na nyuma kushoto na mbele kulia. Pembe mbili zilizobaki zinagombania chini, na uzito ndio unaoamua: betri zikijaa buti, mbele kushoto inapaa; V8 ikiwa nzito kuliko buti, nyuma kulia ndiyo inaning'inia.

Mzigo huo wa mshazari unaisokota chasi kama nguo inayokamuliwa. Impala za 1958 hadi 1964 zina chasi ya X, hazina reli za pembeni, kwa hiyo msokoto wote unapita katikati. Mlango ukikataa kufunga gari likiwa limesimama kwa tairi tatu, chasi inajipinda. Kagua nyufa kwenye vikalio vya silinda na tao la nyuma, uchomelee bati la kuimarisha kabla ya kupaka rangi, si baada.

Na solenoidi, swichi ya umeme inayowasha pampu, ikinasa, pampu inaendelea kuzunguka hata ukiachia swichi. Waya wa hasi uwe na kikatio ambacho mkono unakifikia.

Mkileta picha, leteni za chini ya gari. Rangi tumeshaziona.