Filamu ya nyuzi 360 kuhusu bustani ya mtaani Ng'ambo: kamera isimame wapi?

Mkaazi wa Michenzani:
Assalamu alaykum. Mimi na wenzangu tunakusudia kutengeneza filamu ya maisha halisi kwa kamera ya nyuzi 360, itakayotazamwa kwa miwani ya uhalisia pepe, kuhusu kiwanja kilichopo baina ya mabloki ya Michenzani ambacho zamani kilikuwa jaa. Akina mama na vijana wamekipanda miti ya mikungu na mizambarau, na mboga, na upande mmoja tumeuacha ujiotee wenyewe bila ya kulimwa wala kufyekwa, na ndege wadogo waitwao chozi wameshaanza kurudi. Tunataka mtazamaji ahisi kuwa yumo humo kiwanjani. Kamera ya kawaida ningejua pa kuielekeza, lakini hii haina mbele wala nyuma. Tuanzie wapi, na ruhusa tumuombe nani?

Fundi wa picha na sauti:
Wa alaykumu salaam. Kwa kuwa kamera hiyo huona pande zote, mwongozaji hachagui kipande cha picha. Huchagua mahali pa kuiweka, saa ya kuiwasha na muda wa kuiacha. Iwekeni kwenye stendi kwa urefu wa macho ya mtu aliyekaa kitako, na watu wasiisogelee chini ya mita moja na nusu, kwani picha za lenzi zake huunganishwa pembezoni, na kilicho karibu mno na kamera hukatika au hujirudia kwenye mshono huo. Msitembee nayo, kwa sababu macho yakiona mwendo na mwili umetulia, mtazamaji hupata kichefuchefu.

Sauti ndiyo itakayomwongoza. Tumieni maikrofoni yenye vichwa vinne inayorekodi pande zote, ili anayegeuza kichwa asikie sauti ikibaki pale inapotoka, na mara nyingi atageukia kule alikosikia kitu kabla ya kukiona. Rekodini usiku chini ya mkungu popo wanapokula, kisha asubuhi muoneshe kungu zilizotafunwa nyama zikabakia kokwa, zimetapakaa juu ya majani makavu. Kunguru msimfute. Kunguru wa Kihindi aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, na huvamia viota vya ndege wadogo. Kelele zake ni sehemu ya kisa cha hao chozi mnaowafurahia.

Mtu wa mipango miji:
Ningependa filamu hiyo iseme zaidi kuhusu maji kuliko kuhusu ndege. Mji Mkongwe na Ng'ambo vilitenganishwa na mkono wa bahari uliofukiwa kidogo kidogo hadi katikati ya karne ya 20, na kila tunapoongeza lami na zege, mvua ya masika hukosa pa kuzama. Anayeujua mtaa wa Mwanakwerekwe unavyojaa maji wakati wa masika hahitaji kuelezwa. Udongo wenye mizizi na majani yaliyooza hunywa maji ambayo uwanja uliosakafiwa huyasukuma kwenye milango ya watu. Kwa hivyo, wekeni alama ardhini mrekodi pahala palepale, kwa urefu uleule, wakati wa kiangazi na wakati wa masika, ili mtazamaji avuke msimu bila ya kuhama alipo.

Singapore waliuvunja mfereji wa zege katika bustani ya Bishan, wakaurejesha kuwa mto wenye kingo za majani, kazi iliyokamilika mwaka 2012. Kiwanja chenu ni kidogo sana kwa kulinganisha, lakini kanuni ni ileile.

Mwanakijiji wa Pemba:
Kuhusu ruhusa, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni ndilo la kuliendea kwa kibali, na sheha, yaani kiongozi wa mtaa, lazima ajue. Hata hivyo mimi nawahofia zaidi walioko madirishani. Kamera inayoona kote itamchukua pia mama anayeanika nguo ghorofa ya tatu, ambaye hakuulizwa na wala hajui kuwa anapigwa picha. Pitieni nyumba kwa nyumba, mseme siku na saa, na atakayekataa dirisha lake lifichwe.

Huku kwetu, popo wa Pemba, asiyepatikana kwengine duniani, alikadiriwa kuwa chini ya 350 mwaka 1989. Baada ya wanavijiji kuunda vilabu vya kumlinda, Kidike ikiwemo, idadi ilipanda hadi kupindukia 20,000. Wageni hufika Kidike kumtazama, na wenyeji ndio wanaowapokea na kuwaeleza. Nanyi fanyeni vivyo hivyo: wanaomwagilia mboga hizo waione filamu kabla ya mtu mwengine yeyote, na wawe na haki ya kusema kipande hiki kitolewe.

Mkaazi wa Michenzani:
Nimewafahamu, na nawashukuru sana. Tutaanza na madirisha, kwa sababu hilo hatukulifikiria kabisa, kisha tutaweka alama ardhini kabla masika hayajaingia. Fundi, maikrofoni ya aina hiyo inapatikana kwa kukodi hapa Unguja, au tuagize Dar es Salaam?