Programu za kunyoosha sauti ya mwimbaji: Auto-Tune, Melodyne ao za bure? Ninunue ipi kwanza?

StudioYaKadutu (Bukavu)
Jambo yenu wakubwa. Nina studio ndogo hapa Kadutu: chumba kimoja, matelasi mbili ukutani, ordinatere ya RAM 8, narekodia kwenye programu ya Reaper. Wateja wangu ni wa namna mbili. Kwaya za kanisa wanataka solisti akishuka kwenye noti ya juu nimpandishe bila mtu kujua. Vijana wa rap wanataka sauti ya roboti, tena waisikie kwenye kaski ya masikioni wakiwa bado wanaimba. Nina kama dola 100. Niende wapi?

MzeeWaMikro (Goma)
Hizo ni kazi mbili, mdogo wangu. Auto-Tune inaishika sauti ikiwa njiani na kuivuta kwenye noti ya karibu. Aliyeitoa mwaka 1997, Andy Hildebrand, alikuwa mtu wa kutafuta mafuta kwa mawimbi yanayopita ardhini, akaona hesabu zile zile zinafaa sauti ya mwimbaji. Melodyne ya Wajerumani wa Celemony inasubiri umalize kurekodi, kisha inakuchorea kila noti kama donge, unalisogeza kwa kipanya. Rap: Auto-Tune, Retune Speed (kasi ya kuvuta) kwenye 0, yaani inavuta papo hapo. Kwaya: Melodyne, sina mjadala.

FundiWaKatuba (Lubumbashi)
Mimi ninao mjadala. Mbona mnamtumia mtu dukani kabla hajafungua alichonacho? Ndani ya Reaper kuna ReaTune, inavuta yenyewe na pia unaweza kusahihisha kwa mkono. MAutoPitch ni ya bure, Graillon nayo ina toleo la bure. Vijana wa huku hawajawahi kuniuliza roboti yangu imetoka duka gani.
Ila chagua gamu ya wimbo, yaani zile noti zinazotumika ndani yake! Ukiacha noti zote 12 wazi, mtu akishuka zaidi ya nusu ya nusu-toni (nusu-toni ni hatua ya noti moja hadi ya jirani), programu inaona noti ya chini ndiyo ya karibu. Inampeleka kosani kwa nguvu zote.

StudioYaKadutu
MAutoPitch nimeijaribu jana kwa mama mmoja wa kwaya, wimbo wa lugha ya Mashi. Yeye haingii kwenye noti moja kwa moja, anaanzia chini anapanda taratibu. Programu ikamkatakata kama ngazi. Alisikiliza mara moja tu, akavua kaski: “Huyu si mimi.”

MzeeWaMikro
Umeivuta kwa haraka mno, punguza kasi. Halafu angalia mtego huu: Melodyne essential, ile ya bei ya chini, inakuachia kusogeza noti na muda wake, basi. Vifaa vya kugusa mtetemo na kuteleza ndani ya noti vinaanzia toleo linalofuata, assistant. Kwa mama wa namna hiyo ndivyo unavyohitaji. Kuna siku 30 za majaribio. Kusanya kwanza rekodi za kwaya zote, ndipo uanze kuzihesabu siku hizo.

MwimbishajiIbanda (Bukavu)
Mimi si fundi, naimbisha. Tulirekodi mahali fulani, gitaa limefungwa kwa sikio, liko chini kidogo ya noti la ya 440, kile kipimo cha kawaida cha kufungia vyombo. Fundi akanyoosha sauti zote zikae 440 safi. Gitaa likabaki kule lilikokuwa. Kanisa zima wakasema solisti wetu ameharibika, na maskini alikuwa amelifuata gitaa vizuri kabisa.

FundiWaKatuba
Hiyo naiona kila wiki! Auto-Tune na Melodyne zinakubali usogeze hiyo 440, lakini ni lazima fundi akumbuke. Na usiweke mikro moja mbele ya kwaya nzima ukitegemea muujiza: hizi za kuvuta zenyewe zinataka sauti moja peke yake. Hata mvua juu ya mabati inazichanganya. Toleo la Melodyne editor linaweza kutenganisha noti za akordi (noti zinazolia pamoja), lakini soprano wanne kwenye noti moja ni donge moja.

KijanaWaBagira
Si achukue kraki tu, programu iliyovunjwa kufuli asiilipie, flash inajaa kwa dola 5.

StudioYaKadutu
Nilishafanya, mdogo wangu. Virusi vilikula nyimbo 11 za kwaya moja. Nimezirekodi upya bure, na bado mwenyekiti wao hanisalimii.

MzeeWaMikro
Na hiyo Reaper umeilipia? Leseni ndogo ni dola 60, na siku 60 za majaribio nadhani zilikwisha zamani. 😄

StudioYaKadutu
Haya, mmenikamata. Dola 60 za Reaper kwanza. Vijana nawawekea ReaTune, bafa ndogo ya 128 ili sauti isichelewe kurudi, na kaski ya waya. Ya Bluetooth inachelewesha sauti hata mtu anajikwaa kwenye mistari yake mwenyewe. Mama nimemwita tena Jumamosi, tunarudia na gitaa lililofungwa sawasawa. Sasa, nani Kadutu ana kifaa cha kufungia gitaa aniazime mpaka Jumapili?