Uzio wa Dingo Australia: Ubaki, Urefushwe au Usogezwe?

Ndugu wachangiaji, swali lililo mbele yetu ni kama uzio mrefu unaowazuia dingo, mbwa wa porini wa Australia, kufikia kondoo wa huko ubaki au ung'olewe. Aliyefungua mjadala ametaka ung'olewe wote kwa kuwa unamtesa mnyama wa asili. Aliyemfuata amesema mfugaji haulizwi namna anavyolinda mali yake. Sikubaliani na yeyote kati yao, na nitatumia kipande kimoja tu cha uzio huo, nilichokiona kwa macho yangu, kueleza kwa nini.

Kipande hicho kipo Cameron Corner, zinapokutana New South Wales, Queensland na Australia Kusini. Kijiji cha karibu upande wa New South Wales ni Tibooburra, chenye watu wapatao 100, na barabara ya kukifikia ni takriban kilomita 140 za vumbi jekundu. Uzio wenyewe ni wavu wa waya unaozidi kimo cha mtu wa kawaida, lakini penye vilima vya mchanga upepo hurundika mchanga upande mmoja hadi wavu unakaribia kufunikwa, kiasi kwamba dingo angeweza kupita juu bila hata kuruka. Watunzaji wa uzio hulazimika kuongeza wavu mwingine juu ya ule uliozikwa. Nilisimama pale nikajiuliza kazi hii itafanywa mara ngapi katika kilomita 5,600 hivi, kutoka Queensland hadi pwani ya kusini.

Hata hivyo, hofu ya mfugaji ni ya kweli. Dingo akiingia katika kundi la kondoo haishii kula mmoja akaondoka. Huwauma wengi, na wengine hukutwa siku za baadaye wakiwa na majeraha yaliyooza. Kule Queensland ya kati, maeneo ya Longreach na Blackall, dingo walichangia wafugaji wengi kuacha kondoo na kushika ng'ombe, na kondoo walipopungua, wakata sufu nao walikosa kazi. Majirani walipochanga na kuzungushia mashamba yao uzio wa pamoja, kondoo walianza kurudi. Mwenye kudai kwamba uzio hauna faida anapaswa kwanza kuijibu hoja hiyo.

Sisi tuliokulia karibu na wafugaji tunashangaa kwa nini wasilaze kondoo zizini. Mmasai huilinda mifugo: mchana ina mchungaji, usiku imo ndani ya boma la miiba, na fisi ameachiwa pori lake. Australia wanalinda ardhi, kwa sababu hawana wachungaji. Ranchi moja inaweza kuwa kubwa kuliko wilaya nzima ya kwetu na ikawa na familia moja na vibarua wachache, na kondoo wakakaa majuma bila kuonwa na mtu. Uzio unafanya kazi ya watu ambao hawapo. Wapo waliojaribu mbwa walinzi wa Maremma, wanaoishi na kondoo usiku na mchana, nao wamefanikiwa mahali kadhaa, ingawa mbwa hao wanahitaji uangalizi.

Gharama isiyosemwa sana ni ile ya ardhi yenyewe. Ndani ya uzio, pasipo dingo, kangaruu huongezeka na kula malisho yale yale yanayogombaniwa na kondoo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales waliolinganisha picha za setilaiti za miaka zaidi ya 30 walikuta tofauti ya uoto kati ya pande mbili za uzio. Mbweha nao, walioletwa na Wazungu, huwinda wanyama wadogo wa jangwani bila mpinzani wa kuwatisha. Inasikitisha pia kwamba sheria na matangazo mengi humwita dingo kwa Kiingereza "wild dog", kana kwamba ni mbwa wa nyumbani aliyepotea porini, ilhali amekuwepo huko kwa zaidi ya miaka 3,000 na wenyeji wa asili wana hadithi zake.

Kwa hiyo napinga uamuzi uliotangazwa mwaka 2019 na serikali ya New South Wales wa kuurefusha uzio huu kwa mamia ya kilomita. Badala yake naunga mkono pendekezo la watafiti la mwaka 2015: Hifadhi ya Taifa ya Sturt, iliyo ndani ya pembe hiyo hiyo ya Cameron Corner, ilikuwa ardhi ya kondoo hadi ilipofanywa hifadhi mwaka 1972. Leo haina mfugo wa kulindwa, lakini uzio bado unapita kwenye mipaka yake ya kaskazini na magharibi. Usogezwe hadi upande wa pili wa hifadhi, dingo waingie, na kangaruu, mbweha na nyasi vihesabiwe kwa miaka kadhaa huku majirani wenye kondoo wakilipwa fidia kwa kila hasara itakayothibitishwa.