STI inalala gereji hadi Aprili: tangi nijaze au niache?

Mgosi_Minneapolis
Wakuu, habari zenu. Nina Subaru WRX STI ya 2017. Wakianza kumwaga chumvi barabarani siitoi tena mpaka Aprili, na gereji yangu haina joto. Kompyuta ya injini imetuniwa (imepangwa upya) kwa E85, yaani mafuta ambayo sehemu kubwa ni ethanoli, ile pombe inayochanganywa na petroli, na ina sensa ya kupima ethanoli. Sasa hivi tangi lina robo. Jirani anasema niiache hivyo hivyo, nijaze mapya baridi ikiisha. Nimsikilize?

FundiKombo
Mkuu, hapana. E85 usiilaze nayo kabisa. Ethanoli inanywa maji, na tangi lenye robo limejaa hewa. Joto likipanda na kushuka hewa inaingia na kutoka, na inakuja na unyevu wake.

Hata petroli ya kawaida hapa Minnesota, Marekani, ina ethanoli asilimia 10. Maji yakizidi, ethanoli inaachana na petroli, inazama na maji yake hadi pale pampu inapovuta. Nilishatoa petroli ya gari lililolala hivyo nikaimimina kwenye chupa ya kioo: juu rangi ya chai nyepesi, chini tabaka la ukungu. Ukitikisa linachanganyika kidogo, ukiweka chupa mezani linarudi chini. Ile ya juu nayo imepoteza oktani, yaani uwezo wa kutolipuka kabla ya wakati ndani ya silinda. Kwenye turbo hapo ndipo pa kuogopa, maana ukikanyaga injini inagonga kwa milipuko hiyo, na pistoni za EJ25, injini ya STI yako, zikigonga zinapasuka kwenye kingo za ringi.

Fanya hivi. Endesha mpaka taa ya mafuta iwake. Nenda sheli na dawa ya kutunza petroli, mimina kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha jaza petroli ya oktani 91 juu yake ili ichanganyike. Pampu ikikata, basi, usilazimishe. Sensa itaona ethanoli imeshuka na tuni itafuata. Rudi nyumbani kwa njia ndefu, taratibu, mpaka dawa ifike kwenye injekta.

Binti_Tanga
Fundi, kuna sheli zinauza 91 isiyo na ethanoli. Si ndiyo bora?

FundiKombo
Kwa kulala ndiyo bora, dada. Ila soma kibandiko kwenye pampu: sheria ya Minnesota imeiruhusu kwa magari ya kale, pikipiki, boti, magari ya theluji na mashine ndogo. STI ya 2017 haimo. Ya 91 ya kawaida, tangi limejaa na dawa ndani, inafika Aprili vizuri.

Kaka_Duluth
Mimi yangu naiwasha kila Jumapili dakika tano, haijawahi kunisumbua.

FundiKombo
Acha kaka, nakuomba. Injini ya baridi inamwagiwa petroli nyingi. Inaosha kuta za silinda na kushukia kwenye oili, na mvuke unageuka maji ndani ya ekzosi. Dakika tano hazitoshi kuikausha. Badilisha oili kabla ya kuilaza, funga chaja ya kutunza betri, usiiguse.

Mgosi_Minneapolis
Nimekuelewa, fundi. Aprili narudi E85 moja kwa moja?

FundiKombo
Maliza kwanza hiyo 91 bila kukanyaga sana. Halafu ujue E85 ya miezi ya baridi huweza kuwa na ethanoli asilimia 51 tu, wanaipunguza ili magari yawake. Angalia sensa inasoma ngapi kabla hujaidai nguvu yote.