Kiwanja, nyumba ya kupangisha au hisa za REIT: kipi kinafaa kwa mtaji mdogo?

mjenzi_mdogo:
Wakuu habari zenu. Nina akiba kidogo, inafika kama 20% ya bei ya nyumba ya vyumba viwili, na imekaa benki mpaka naona mfumuko wa bei unaila tu. Nna njia tatu kichwani: ninunue kiwanja nikiache kipande bei, nichukue mkopo ninunue nyumba nipangishe, au niingie kwenye hisa za REIT, ile mifuko ya majengo inayouzwa soko la hisa. Kazini natoka jioni kwa iyo muda wa kufuatilia wapangaji sina mwingi. Naombeni mnilinganishie na msinifiche changamoto.

kikokotoo:
Mkuu anza na hesabu ya nyumba maana ndo inayodanganya wengi. Dalali atakwambia inalipa 8% kwa mwaka, anachukua kodi ya miezi 12 anagawa kwa bei ya nyumba bas. Sasa tuseme bei ni 100 na kodi ya mwaka ni 8. Ikikaa tupu mwezi mmoja imeondoka karibu 0.7, msimamizi akichukua 10% ya kinachokusanywa imeondoka 0.7 nyingine, matengenezo tenga 1, bima na kodi ya jengo ya serikali weka 0.6. Umebaki na 5. Na hapo bado wakili, mthamini na ushuru wa stempu uliolipa wakati wa kununua, kama vyote vilikula 6 basi umetoa 106 na unapata 4.7%.

Hiyo 4.7 ndo ya kulinganisha na riba ya benki, sio ile 8. Mkopo wa miaka 20 kwa riba ya 12% unarudisha jumla kama mara 2.6 ya ulichokopa, na rejesho la mwezi wa kwanza 90% yake ni riba tupu, deni lenyewe halijaguswa kihivyo. Riba ikiwa 6% unarudisha mara 1.7. Nyumba ni ileile, mpangaji ni yuleyule, ila mmoja anapata nafuu na mwingine kila mwezi anaongezea kutoka kwenye mshahara.

Mama_Funguo:
Kikokotoo hesabu zako nazikubali lakini umeiangalia nyumba kwa mwaka mmoja, mwanangu. Kodi inapanda miaka inavyokwenda na rejesho la mkopo kama riba haibadiliki linabaki palepale, kwa iyo mwaka wa 8 mambo sio kama mwaka wa 1. Wapangaji nao usiwaogope sana, ila chuja kabla hajaingia sio baada. Mi naomba uthibitisho wa kipato, nampigia mwenye nyumba aliyempangisha ZAMANI, sio wa sasa, maana wa sasa kama amechoka naye atamsifia ili aondoke. Afu siku ya kukabidhi funguo tunazunguka wote wawili na simu, tunapiga picha kila ukuta, kila bomba, mita ya umeme inasoma ngapi, tunasaini. Ugomvi wa amana siku ya kuhama unakwisha hapohapo.

kikokotoo:
Kweli mama, na ndo maana nasema mjenzi akaulize kama riba yake ni ya kudumu au ya kubadilika, ikiwa ya kubadilika hoja yako yote inayumba. Na kingine, ukiweka 20 zako ukakopa 80, bei ya nyumba ikishuka 10% tu nusu ya mtaji wako imekwenda, na benki inadai ileile. Marekani baada ya bei kuporomoka kwenye ule msukosuko wa 2008 watu mamilioni walijikuta wanadaiwa kuliko thamani ya nyumba zenyewe.

pima_kwanza:
Kwa upande wa kiwanja. Hakina mpangaji wala bomba linalovuja lakini pia hakikuletei hata senti mpaka siku ya kukiuza, na siku hiyo mnunuzi anaweza asipatikane kwa miezi. Kama pesa hiyo unaweza kuihitaji kwa ugonjwa au ada, usiifukie yote ardhini. Na usitoe hata amana kabla hujafanya upekuzi ofisi ya ardhi kujua jina lililopo kwenye rejesta ni la nani, kama kuna zuio au benki imeshikilia hati. Afu mchukue mpima wako mwenyewe, sio aliyeletwa na muuzaji, akazitafute bikoni, yale mawe ya mipaka, shambani alinganishe na ramani. Hati inaweza kuwa halali kabisa na bado ukaonyeshwa kiwanja cha jirani.

hisa_na_subira:
REIT watu wanaidharau tu. Marekani wamekuwa nazo kisheria tangu 1960 na kule lazima zigawe angalau 90% ya mapato yanayotozwa kodi kwa wenye hisa, nchi nyingi zimeiga utaratibu wa namna hiyo. Unaingia na pesa ndogo na hakuna mtu anakupigia usiku choo kimeziba. Ubaya wake bei inacheza kila siku, riba zikipanda mara nyingi hisa zinashuka hata kama majengo yamejaa, na kwenye soko dogo unaweza kutaka kuuza ukakosa mnunuzi kwa bei nzuri. Kwa mtu asiye na muda kama wewe mi ningeanza hapo na sehemu ya akiba, sio yote.

mjenzi_mdogo:
Asanteni sana wakuu. Kiwanja nakiweka pembeni kwanza. Benki wamesema riba ni ya kubadilika, kwa iyo nitaanza na REIT kwa nusu huku naendelea kutafuta nyumba taratibu. Ila kuna moja nimeonyeshwa bei yake nzuri, dari ya chumba kimoja imepakwa rangi mpya na vingine vyote rangi ya zamani. Ni kawaida?

Mama_Funguo:
Hapana. Hapo maji yanapita, wamefunika doa. Rudi baada ya mvua kubwa, panda juu ya dari na tochi uangalie mbao, afu mpeleke fundi wako ndo mzungumze bei.