MJADALA: Kwa nini tusichague wa kutuuzia umeme kama tunavyochagua mtandao wa simu?

Mgosi wa Korogwe: Wakuu, habari za jioni. Naomba tulijadili hili bila matusi. Tangu Machi 2017 ukichoshwa na mtandao wa simu unahamia mwingine na namba yako ile ile, na ndiyo maana kampuni za simu zinatubembeleza kwa vifurushi. Ukichoshwa na TANESCO, shirika letu la umeme, unahamia wapi? Uingereza mtu akiona bili imepanda analinganisha bei za kampuni kadhaa kwenye simu yake, anahama, na wala hakuna fundi anayekuja kugusa waya. Bwawa la Nyerere tayari lipo, megawati 2,115, kwa hiyo wimbo wa umeme hautoshi umekwisha. Nyaya zibaki za serikali, wauzaji wawe wengi, mwananchi achague. Kinachoshindikana ni nini?

Fundi wa Nyakato: Mkuu, hao wauzaji wako wengi watanunua wapi? Bwawa ni la TANESCO, nyaya za TANESCO, bei anaipitisha mdhibiti wa nishati, EWURA. Umeme ukikatika mtaani kwenu shida huwa ni transfoma iliyozidiwa au waya uliochoka. Ukihama muuzaji, transfoma ni ile ile. Ni kubadilisha kijana wa mkokoteni wakati kisima cha maji ni kimoja.

Mgosi wa Korogwe: Kwa hiyo fundi unatetea ukiritimba? TTCL, kampuni ya simu ya serikali, nayo tuliambiwa haiwezi kushindanishwa. Leo mpaka bibi kijijini ana laini mbili.

Fundi wa Nyakato: Simtetei mtu. Kampuni za simu zilijenga minara yao. Wewe unataka kila muuza umeme asimike nguzo zake Korogwe?

Mgosi wa Korogwe: Nimesema nyaya zibaki za serikali. Soma kwanza nilichoandika.

Mswahili Leicester: Mimi niko huku Uingereza, niwape picha kamili. Kweli unahama bila kubadili hata mita. Lakini tangu Januari 2019 mdhibiti wao, Ofgem, ameweka ukomo wa bei, maana waliokuwa hawahamihami, wengi wao wazee, walikuwa wanakamuliwa. Mwaka 2021 gesi ilipopanda, kampuni zaidi ya 25 zilianguka. Mojawapo, Bulb, ilikuwa na wateja zaidi ya milioni moja na nusu, serikali ikabidi iibebe. Gharama ya kuhamisha wateja wa zile zilizokufa ikagawanywa kwenye bili za watu wote, hata ambao hawajawahi kuhama. Kwa hiyo kaka Mgosi, kuchagua kupo, ila siyo pepo. Kizuri ninachokiona ni kimoja: mpangaji ambaye bili iko kwa jina lake anachagua kampuni mwenyewe, mwenye nyumba hana la kumwambia.

Mzee Tabata Kimanga: "Mwenye nyumba hana la kumwambia." Haya ndiyo mnayotuletea kutoka Ulaya. Nyumba nijenge mimi kwa jasho langu, kuunganishiwa umeme nilipe mimi, halafu mpangaji wa chumba kimoja aniamulie mambo ya mita? Wapangaji ninaowajua mimi wanachanga elfu tano kila mmoja, ukiingia chumbani unakuta koili ya kupikia imefichwa uvunguni na pasi haijapoa. Luku ikiisha saa tatu usiku kila mtu anajifanya amelala.

Mama Nasra Buguruni: Shikamoo mzee. Sasa na mimi nisikilize. Nimepanga miaka mingi na sijawahi kuficha koili. Kwetu mwenye friji la kuuza barafu na maji ya kandoro ni mke wa mwenye nyumba. Mchana kutwa friji linavuta, na sisi tunachanga sawa na yeye. Nikiuliza naambiwa kama sitaki nihame. Mgosi anazungumzia kuhama kampuni, sisi kuhama kwetu ni kubeba godoro.

Dereva wa Mbezi: Mama Nasra 👏👏 "Kuhama kwetu ni kubeba godoro." Mzee jibu hiyo.

Mzee Tabata Kimanga: Marahaba. Mimi sina friji la barafu, kwa hiyo hayo ya Buguruni hayanihusu.

Mama Nasra Buguruni: Na koili ya uvunguni hainihusu mimi, lakini umetuweka wapangaji wote kapu moja.

Fundi wa Nyakato: Mnagombana juu juu, kidonda chenyewe hamjakigusa. Mwenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, anawekwa kundi la bei la D1, shilingi 100 kwa uniti. Ukizoea kuzidisha unapelekwa kundi la T1, shilingi 292. Ongeza kodi na tozo: wa D1 akiweka elfu moja anapata uniti nane na kidogo, wa T1 mbili na nukta nane. Sasa nyumba ya vyumba sita, mita moja. Kila chumba kina taa mbili, redio na chaji ya simu. Peke yake hata uniti 20 hafikishi, lakini mita inajumlisha wote, nyumba nzima inakuwa T1. Ile bei iliyowekwa kwa ajili ya mnyonge anaipata bwana anayeishi peke yake Mbweni na ana sola juu ya paa.

Dereva wa Mbezi: Hii nilikuwa siijui kabisa. Yaani tukiwa wengi ndiyo tunalipa zaidi kwa kila uniti?

Fundi wa Nyakato: Ndiyo.

Mgosi wa Korogwe: Naona tumetoka nje ya mada. Swali lilikuwa ushindani wa wauzaji.

Binti Kigamboni: Mgosi subiri kwanza, huku ndiko kwenye pesa zetu. Mzee Tabata, kodi ya jengo inakatwa kwenye luku, 1,500 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida. Jengo ni lako. Mwezi ukianza, wa kwanza kununua luku ndiye anayekatwa. Wapangaji wako unawarudishia?

Mzee Tabata Kimanga: Ile kodi imewekwa na serikali, sikuiweka mimi.

Binti Kigamboni: Sijauliza nani ameiweka. Nimeuliza unarudisha?

Mzee Tabata Kimanga: Binti, nina vyumba vitano na kodi ya pango sijapandisha tangu kabla ya korona. Mfuko wa saruji umepanda, bati limepanda. Unanidai mia tatu tatu?

Binti Kigamboni: Nakudai jibu.

Mkaazi wa Umoja, Nairobi: Jirani zangu, niwaambie ya huku. Sheria yetu ya Nishati ya 2019 imefungua mlango kampuni nyingine ziuze stima, lakini mimi na majirani zangu bado tunanunua tokeni za Kenya Power. Kubadilisha sheria peke yake hakukutuletea wauzaji. Mnaweza kuanza na gesi ya mitungi, hapo angalau mnachagua.

Dereva wa Mbezi: Gesi unachagua mara moja tu, siku ya kununua mtungi. Baada ya hapo duka la jirani lisipokuwa na kampuni yako unapanda bodaboda na mtungi mapajani.

Mswahili Leicester: Mzee wangu Tabata, sikukusudia kukuvunjia heshima. Nilisema huku mpangaji ana mkataba wake wa umeme. Huko mita ni ya nyumba, ndiyo tofauti.

Mzee Tabata Kimanga: Sawa mwanangu, yameisha. Lakini mnijibu na mimi: kila chumba kikitaka mita yake, nani analipa? Mjini kuunganishiwa ni 320,960 hata kama huhitaji nguzo. Mara vyumba vitano.

Mama Nasra Buguruni: Mzee, hakuna aliyedai uvute laini tano. Zipo mita ndogo za kusoma tu, zinauzwa Kariakoo, fundi anaifunga juu ya mlango wa kila chumba. Luku inabaki moja, ila kila mtu anaona alichokula. Weka hizo, sisi tutachangia gharama kwenye kodi ya mwezi. Na yako ifungwe pia.

Fundi wa Nyakato: Mama Nasra, hilo linafanyika, mita hizo ndogo nimeshazifunga nyumba nyingi Mwanza. Ila mjue haliwarudishi D1, maana TANESCO inaiona ile mita kubwa moja tu. Litamaliza ugomvi wa pasi, bei ya uniti itabaki 292.

Mgosi wa Korogwe: Basi fundi, hapo EWURA ndiyo ibanwe: nyumba ya wapangaji sita ihesabiwe kaya sita. Hilo hata mimi ninaliunga mkono kabla ya ushindani.

Binti Kigamboni: Mzee Tabata bado hajajibu kuhusu ile 1,500.